Jina la Baba Mkwe katika Tanbihi

Watu wanaojua kupiga chapa Keroka ni wengi. Anayejua kupanga tasnifu ni mimi. Nasema hivyo bila kuona haya, kwa sababu stashahada yangu ya uhazili nilijilipia mwenyewe kwa mshahara wa ukarani Doha, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Niliporudi sikukimbilia kujenga nyumba kubwa kwetu Suneka kama wenzangu. Nilikodi chumba kando ya barabara ya Kericho, nikaweka kompyuta mbili na printa nzito, nikaandika mlangoni: Tasnifu, Vichwa, Tanbihi. Mwenye jengo aliniuliza kama tanbihi ni dawa ya kuku.

Tanbihi ni yale maandishi madogo chini ya ukurasa yanayosema habari imetoka wapi. Walimu wengi wanaosomea shahada ya pili huyachapa palepale chini kwa mkono, kana kwamba ukurasa hautasogea kamwe. Wakiongeza sentensi mbili katika sura ya kwanza, tanbihi zote husukumwa chini na kukaa katikati ya habari ya ukurasa unaofuata. Vichwa navyo huvikoleza wino tu na kuvisukuma kwa nafasi mpaka vifike katikati. Mimi hufuta hayo yote. Kila kichwa nakipa daraja lake, kila tanbihi naifunga kwenye neno lake, na orodha ya yaliyomo inajipanga yenyewe. Mteja akiona hivyo huanza kupekua kurasa upya. Kupekua huko nakupenda kuliko asante.

Juma moja alikuja naibu mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Nyaramba. Tasnifu yake ilihusu jinsi chai ilivyoingia katika vilima vyao. Msimamizi wake alikuwa ameirudisha: vichwa havina mpango, na tanbihi za mahojiano hazina jina la aliyehojiwa. Alitakiwa kuituma tena Ijumaa kabla ya ofisi ya chuo kufungwa. Akichelewa, angesubiri mwaka mwingine kuhitimu, na alikuwa ameshasubiri mmoja.

Vichwa nilivimaliza upesi. Kwenye tanbihi nikakwama. Kila mahali palikuwa na maneno mawili, "Mzee, Nyaramba". Nikamwambia chuo kinataka jina kamili mara ya kwanza, kisha jina la mwisho peke yake. Nikamuuliza mzee huyo anaitwa nani. Mwalimu akatazama malori barabarani.

"Ni baba wa mume wangu," alisema.

Sikuhitaji maelezo zaidi. Kwetu Ugusii wakwe hutenganishwa na heshima tunayoiita chinsoni. Mke wa mwana hashikani mkono na baba mkwe wake, na katika familia kama yao halitaji jina lake. Hata mahojiano yenyewe yalifanywa hivyo: mzee ameketi upande mmoja wa nyumba, mwalimu upande wa pili na daftari lake, na mama mkwe akipeleka maswali na kurudisha majibu.

Nikampa njia rahisi. Atoke nje, anipe namba ya mumewe, nilipate jina huko na kuliandika mwenyewe. Mkono ungekuwa wangu.

"Mkono wako, sahihi yangu," alisema. "Kuna ukurasa pale mbele unaosema kila neno ni langu."

Ukurasa huo nilikuwa nimeupanga mimi, na vizuri sana. Mume, aliyekuwa kazini Mombasa, alimwambia kwa simu kwamba jina ni jina tu, aandike. Mwalimu hakuandika. Alimwomba mama mkwe apeleke shida hiyo kwa mzee kama alivyopeleka maswali. Jibu lilifika Alhamisi: mzee angekuja kuliandika mwenyewe.

Alikuja Ijumaa mchana na mkewe, amevaa koti na tai. Ni mzee wa kanisa la Sabato, akanieleza mapema kwamba jua halitamtulia barabarani, kwani Sabato huanza Ijumaa jua likizama. Mwalimu alikuwa ameshatoka bila kuambiwa, akaketi barazani kwa jirani yangu anayeuza nguo. Mzee aliandika jina lake kwa kidole kimoja, akivuta pumzi kila herufi. Akauliza angeliandika mara ngapi.

"Hiyo moja tu, mzee. Zingine zitalifuata."

Nilikuwa nimeziunganisha zote na ile ya kwanza. Nilipobonyeza, jina lake la mwisho likajaa ukurasa kwa ukurasa. Mama mkwe akasogea.

"Na mimi je? Maneno yote yalipita kwangu."

"Wewe ulikuwa simu," mzee akamwambia.

"Simu hulipiwa."

Nikamwonyesha mahali pa kuongeza kwamba mahojiano yalipitia kwake, naye akanitajia jina lake kwa sauti ya kutosha kusikika barazani.

Mzee hakuinuka. Kwa kuwa jina lake sasa lilikuwa chini ya ukurasa, alitaka kujua lilikuwa chini ya maneno gani. Akasoma polepole. Katika sura ya tatu akasimama. Iliandikwa kwamba yeye ndiye aliyepanda chai ya kwanza katika kilima chao.

"Hapa sikusema hivi. Aliyepanda ni kaka yangu. Mimi nilikuwa nachunga ng'ombe."

Tukamtazama mama mkwe. Alisema safari ya kuzunguka nyumba ilikuwa ndefu, na shemeji yake huyo hakuwa mtu wa kumtajataja.

Muda uliobaki ulikuwa mfupi. Ningekuwa mimi ningetuma ilivyo, na nilimwambia mama mkwe ampelekee mwalimu ushauri huo. Akarudi na jibu kwamba habari isiyo ya kweli haiendi na jina la mzee. Basi tukafanya kazi hivyo: mwalimu anasema sentensi barazani, mama mkwe anaileta mlangoni, mzee anaikubali au anaikataa, mimi nachapa. Safari hii mzee alimwagiza mkewe arudie kila jibu mbele yake kabla ya kulipeleka. Aya tatu zilibadilika na moja mpya ikaingia. Hakuna tanbihi hata moja iliyohama neno lake. Fundi mwingine wa Keroka angelia siku hiyo.

Tuliituma ofisi ikiwa bado wazi. Wazee wakaondoka kuwahi jua, na mwalimu akaingia kuchukua nakala yake walipokwisha kuvuka barabara.

Baada ya miezi kadhaa alinipigia simu akiwa chuoni, ametoka kuitetea tasnifu. Alikuwa amepita, na masahihisho kidogo. Nilimuuliza ilikuwaje kuhusu mzee. Akasema mtahini mmoja alimtaka amtaje mhojiwa wake mkuu. Alifungua ukurasa, akaweka kidole kwenye tanbihi ya kwanza, na mtahini akalisoma jina mwenyewe, kwa sauti. Kisha wakamuuliza swali lingine.