Nilivyomlilia Profesa Mzima

Jamani, chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Mzee Salumu, tajiri wangu hapa Makambako, kanunua Hiace, maana siku hizi biashara ni ruksa. Juzi akaniambia, "Dogo, twende Njombe tukamchukue Profesa. Anafundisha waigizaji kutoa sauti, Kiswahili na Kiingereza vyote. Ukimhudumia vizuri, ukonda wa Hiace ni wako."

Mimi wa darasa la saba, profesa sijawahi kumwona hata mmoja. Tulipofika ukumbini, mzee akabaki kwenye usukani, nikashuka. Ndani nikasikia vilio, wanaume kwa wanawake. Nikajua Profesa kafa. Na sisi Wabena msibani unaingia na kilio chako, kuuliza baadaye.

"Mzee, tumechelewa! Profesa katutoka!" nikampigia kelele mzee kule garini.

Nikaingia, nikajibwaga sakafuni. "Uwiii, Profesa! Umeniachia nani?"

Wenzangu wakanyamaza mmoja mmoja, nikabaki nalia peke yangu. Mama mmoja mfupi, mwenye miwani, akaniinamia.

"Kijana, unamlilia nani?"

"Profesa, mama."

"Profesa ni mimi. Hawa nawafundisha kulia jukwaani. Na wewe unalilia puani, sauti itoke tumboni."

Kabla sijainuka, Mzee Salumu huyo mlangoni, kofia imekaa upande, machozi yanamtiririka.

"Inna lillahi! Mwili uko wapi?"

Mama akachukua mkoba wake.

"Mwili ndio huu, mzee, twende. Konda wako yuko hapo chini."