Stovu ya Shangazi na Chungu cha Bibi

Ilianza kwa kuzomea, kisha ikanguruma kama mzinga wa nyuki uliochokozwa, na harufu ya mafuta ya taa ikajaa nyumba nzima. Hiyo ndiyo stovu ya shaba aliyokuja nayo shangazi yangu, aliyeolewa na fundi wa reli huko Manyoni, alipofika kumhudumia mama aliyekuwa amejifungua. Majirani walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Labda wao walipona. Mimi niliugua hofu. Kila shangazi alipoipampu upepo nilikimbilia nje, mvua inyeshe isinyeshe, naye akanicheka na kuniita kuku wa kienyeji.

Masika yale ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, upande wa Mgori. Tembe letu la zamani lilikuwa na paa la udongo, lakini nyumba mpya iliezekwa nyasi, chumba kimoja na mlango mmoja. Kuni zililowa zikawa zinatoa moshi mtupu, kichanga kikakohoa mpaka mama akalia. Basi shangazi akaiweka stovu ndani, karibu na mlango, na mama na mtoto wakawa wamelala kule mwisho. Maji ya kumwogeshea mtoto yalichemka upesi kwenye sufuria, hata mimi nikashangaa. Kwa kuwa sufuria ilikuwa na maji hayo, shangazi akachukua chungu cha bibi apikie uji wa mzazi.

Bibi, mama yake, alimzuia. Alisema moto wa mafiga hukikumbatia chungu pande zote, hukipasha polepole, lakini ule wa stovu unachoma mahali pamoja tu, kitakoni.

"Chungu hiki kimezoea kuni, mwanangu."

"Mama, moto ni moto," shangazi akajibu, akainjika.

Uji ulikuwa haujaanza hata kutokota. Nilisikia mlio mkavu, chungu kikapasuka kitako, uji ukamwagika wote juu ya moto. Mngurumo ukakatika. Nilidhani tumepona. Kumbe mafuta yalikuwa bado yanatoka, na mara yakashika, yakatoa ndimi za manjano zilizopanda kuelekea nyasi za paa. Nilikuwa mlangoni. Mama alikuwa ng'ambo ya moto, amejiinua kwa kiwiko, amemkumbatia mtoto, ananitazama. Nilijua kabisa kwamba leo nabaki bila mama.

Shangazi hakukimbia. Alizungusha khanga mkononi, akaingiza mkono kwenye moto na kulegeza kifundo cha kutolea upepo ili mafuta yasisukumwe tena, huku bibi akitupia juu ya stovu gunia lililolowa mvua. Moto ukafa. Ngozi ya mkono wa shangazi ilibambuka, na kovu lile alizikwa nalo.

Siku hizi napikia gesi mjini Singida. Moto wake ni wa buluu, mtulivu, unatii kidole, na sufuria zangu zina vitako vinene visivyojua kupasuka. Hata hivyo siwashi kabla sijafungua mlango, hata upepo wa kipupwe ukivuma. Mdogo wangu, kile kichanga, akinitembelea hunicheka na kuufunga, akidai anasikia baridi. Mimi huinuka nikaufungua tena. Siku ile sote tulitetemeka, isipokuwa yeye; alikuwa amelala fofofo kifuani mwa mama.