Sifuri ya Mchoro Uliokuwa Sahihi

Mwanangu, Ijumaa ile ninaikumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo siku niliyopata sifuri kwa mchoro usio na kosa.

Nilikuwa kidato cha tatu, Moshi mjini, miaka ile mitumba ilipoanza kujaa sokoni. Mwalimu wa kemia alituambia tuchore michoro miwili ya nishati: mmoja wa kuni zinazoungua, ambazo hutoa joto, mwingine wa mbolea ya chumvichumvi inayoyeyuka majini, ambayo hufyonza joto hadi maji yanakuwa baridi. Mstari wa kuni niliupandisha kwanza kileleni, kama tulivyoonyeshwa, kisha nikaumalizia chini. Wa mbolea nikaumalizia juu. Akaniita ubaoni nieleze.

"Juu ni baridi, Mwalimu," nikasema. "Kwetu Rombo, mlimani, tunavaa sweta. Ukishuka huku Moshi unalivua."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka.

"Anselma, mstari wa kuni kabla ya kushuka unapanda kwanza mpaka kileleni. Kwa hiyo kuni hupoa kabla ya kushika moto?"

Kilele nilikuwa nimekinakili tu. Akaandika sifuri, akasema wasichana wa mlimani wameumbiwa jiko. Jumatatu nihamie sayansikimu, somo la mapishi. Sina ugomvi na jiko, Mungu ni shahidi, limenilisha. Lakini nilitaka kemia, na nikaamua kwamba sihami.

Jumamosi nikapanda nyumbani. Mama akanipa ndoo niyeyushe mbolea ya miche ya kahawa. Tulikoroga kwa mkono mtupu siku hizo, wewe usiige. Vidole vikafa ganzi.

"Mama, baridi imeniingia!"

"Imetoka wapi, na jua lote hili?" akauliza Mama, ambaye hakuwahi kuingia darasa la kemia. "Ni joto lako limekwenda. Njoo uwashe moto, uote."

Nikabaki nimeinama juu ya ndoo. Limekwenda wapi? Limechukuliwa na mbolea ilipokuwa ikiyeyuka! Kumbe kimo cha mchoro si kimo cha mlima. Ni kipimo cha nishati iliyomo ndani ya vitu vyenyewe. Mbolea imeyapora joto maji na mkono wangu, imemaliza ikiwa na nishati zaidi ya ilivyoanza, basi mstari unaishia juu. Kuni zikiungua hutupa sisi joto, na majivu na moshi vinabaki na nishati pungufu, basi mstari unaishia chini. Na kilele? Nilipoenda kuwasha moto, kuni hazikutoa chochote mpaka nilipozipa kwanza joto la kiberiti. Kilele ndicho hicho, nishati ya kuanzia. Nikamshukuru Mungu palepale jikoni, macho yakichuruzika machozi ya moshi.

Jumatatu nikaingia darasa la kemia.

"Shikamoo, Mwalimu. Sihami. Naomba chaki."

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna, Mwalimu. Nikikosea nitatoka mwenyewe."

Akaninyooshea chaki. Nikachora michoro yote miwili, nikaeleza kila mstari. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Kaa," Mwalimu akasema hatimaye. "Lakini sifuri ya Ijumaa inabaki."

"Ibaki, Mwalimu. Niliistahili."

Mwanangu, akitokea mtu wa kukuondoa mahali ambapo akili yako imepachagua, kataa. Kataa kwa adabu, lakini kataa, na usimwombe radhi kwa kukataa. Ila kabla ya kusimama, jiulize kama unakijua unachokitetea, au umekiotea tu kama mimi Ijumaa ile. Ukikuta hujui, nenda kajifunze hata kwa mtu asiye na cheti, kisha urudi. Mungu aliyekupa kichwa hakukosea anwani. Akuimarishe magoti siku utakapoitwa mbele ya watu, akupe ulimi mkweli, na wanao wakute mlango ulioufungua bado uko wazi. Amina.