Kipimo cha Mama Pasi

Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, na kila suruali iliyotoka kibandani kwake ilikuwa na mkunjo wa kukatia nyanya. Ulimi wake nao ulikuwa vivyo hivyo. Basi binti yake aliporudi nyumbani na jicho limevimba, na mkwe akatuma ujumbe kwamba atakuja kumchukua kwa heri au kwa shari, Mama Pasi hakukaa kulia. Alikwenda polisi.

Koplo wa zamu alikuwa mteja wake, akamvutia kiti.

"La jicho tumeliandika, mama. Tunamtafuta."

"Amesema anakuja. Dalili ya mvua ni mawingu, mwanangu."

"Mawingu hatuyakamati. Na askari wa kukuwekea mlangoni sina. Tuko wachache, gari lenyewe liko gereji."

"Akiwatangulia je?"

"Jitetee, sheria inakuruhusu. Lakini kwa kiasi. Akiacha, nawe uache. Ukizidisha, nitakuja kukukamata wewe."

"Kwa kiasi! Kwani chumvi hiyo?"

Mkwe alikuja asubuhi kweupe, nondo mkononi, na hodi hakupiga. Eti huyo ndiye anayetakiwa kumstahi mama mkwe! Aliinua nondo juu ya kichwa cha binti. Mama Pasi alikuwa katikati ya shati la yule yule koplo, na pasi ikatoka kwenye shati ikatua begani kwa mkwe, moto wake na uzito wake. Nondo ikaangukia huku, mwenyewe kule, analia "Mama nakufa!" Leo ndiyo amekumbuka kuwa watu wana mama.

Mkono wa Mama Pasi ukapanda tena. Ukakaa hewani. Kisha ukafanya ulichozoea: ukaisimamisha pasi kwa kisigino chake, maana pasi ya moto hailazwi, ukachomoa waya ukutani. Binti akaisukuma nondo nje kwa mguu.

Polisi wa kwanza kufika alikuwa koplo, kwa miguu. Alikuja kuchukua shati lake.

Kituoni, mpelelezi aliuliza swali moja la kumrudisha mtu nyumbani au kumlaza ndani.

"Alipoanguka, ulimpiga tena?"

"Muulizeni mwenyewe."

Mkwe, bega limefungwa bandeji, akatikisa kichwa kukataa.

"Ulifanya nini basi?"

"Nilisimamisha pasi."

Koplo akasema ni kweli, aliikuta imesimama, waya umechomolewa. Mama Pasi akaruhusiwa kwenda, mkwe akabaki.

Nyumbani binti alimcheka hadi akashika mbavu. "Mama, kumbe sheria unaijua hivyo!"

Mama Pasi hakucheka. Aliutazama mkono wake wa kulia.

"Sheria gani, mwanangu? Nilitaka kumpiga tena. Wallahi nilitaka. Mkono ndio uliokataa."

Binti akachomeka pasi, akalimalizia shati la koplo yeye.