Omena ya Mbwa Wangu

Omena yangu, dagaa hawa wadogo wa ziwani, hailii mchanga menoni. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu ukifika Muhuru Bay ukaniulizia, ndilo utakaloambiwa kabla hujaonyeshwa nyumba yangu. Wanunuzi wanaotoka Migori mjini wana desturi yao. Kabla ya kutaja bei, mtu huchota omena kwenye gunia, hutupa mbili tatu mdomoni, kisha hutafuna polepole akiangalia juu, anasikiliza. Ikilia kra, anatema na kwenda kwa mama mwingine. Kwangu hakuna aliyewahi kutema. Najivuna? Najivuna, tena sioni haya.

Sifa hiyo sikuipata peke yangu. Nina mbwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limelala, na jina lake silitaji kwa sababu nilimpa la mwanasiasa mmoja ambaye angali hai. Kazi yake ni ya mchana. Mimi naanika omena juu ya nyavu kuukuu, yeye analala kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa, jicho moja wazi. Korongo wale wenye upara wakitua, mwewe wakizunguka, au kuku wa jirani wakijifanya wanapita tu, yeye keshafika. Hakanyagi nyavu, anazunguka ukingoni. Na hakuwahi kudokoa hata omena moja ya wavuni. Nilimfunza hivyo akiwa mdogo, kwa fimbo na makelele, na alielewa upesi kuliko watu wengi niliowahi kuwaajiri.

Mshahara wake alikuwa akiupata jioni. Omena hazibaki wavuni zote. Nyingine huanguka chini, na ukifagia unazoa samaki na mchanga pamoja. Hizo tunazitia kwenye gunia la kufagia, na wenye kusaga chakula cha kuku huja kulichukua. Kila mama wa hapa ana gunia hilo, na mbwa wote wa ufuo huu walilishwa kutoka humo. Unachota makonzi mawili, unatia kwenye sufuria iliyotoboka, na ukoko wa ugali ukiwepo unaongeza. Mama yangu alilisha hivyo, na mama yake vilevile. Sikuwahi kulifikiria.

Basi zikaja siku za mbalamwezi. Omena huvuliwa gizani kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, kwa hiyo mitumbwi hukaa nchi kavu. Mimi nilikuwa naanika upya ile iliyobaki ili isishike ukungu. Nyumbani nilikuwa nakula viazi vitamu, ukoko haukuwepo, na mbwa akala omena ya gunia lile peke yake, asubuhi na jioni. Nilijiona mwema kwa kumwongezea mlo. Hata nilimwambia mtu kwamba mbwa wangu anakula mara mbili kwa siku.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja korongo alitua katikati ya nyavu zangu, akaanza kula kwa starehe zake, na mbwa hakuinuka. Nilipomwita alitikisa mkia mara moja tu. Tumbo lilikuwa limevimba na gumu. Alitapika povu la manjano, kisha akachuchumaa, akajikamua huku miguu ikitetemeka, na hakikutoka kitu. Niliogopa sana. Tangu nifiwe na mume wangu, mbwa huyu ndiye aliyekuwa akinisindikiza ziwani kila alfajiri, na nilimpenda kuliko nilivyokuwa tayari kukiri mbele za watu.

Hofu yangu ina tabia mbaya, hugeuka hasira. Nyavu za pili kutoka zangu ni za mke wa shemeji yangu. Kwa Kijaluo tunaitana nyieka, yaani mke mwenza, ingawa kila mmoja ana mume wake. Siku mbili kabla yake mbwa wangu alikuwa amewakimbiza kuku wake, naye akapaza sauti kwamba iko siku nitamkosa mbwa huyo. Nikamwendea moja kwa moja.

"Umepatia mbwa yangu nini?"

"Mimi?"

"Ni wewe ulisema nitaikosa. Umeiwekea sumu kwa kichwa ya samaki."

"Uwi! Nyieka, mimi niwekee hiyo mbwa sumu? Yenye inanifukuzia ndege mpaka huku kwangu?"

Ilikuwa kweli. Mbwa wangu alilinda nyavu zake pia, bure, na nilijua hivyo hata wakati natukana. Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia, na wanawake wa ufuo mzima walikuwa wameacha kazi wanatusikiliza.

Nikampigia simu daktari wa mifugo. Alikuja kwa pikipiki, msichana mdogo mwenye gambuti, na alinikuta nimeshika kikombe cha maziwa, kwa maana sisi mtu au mnyama akila sumu tunamnywesha maziwa.

"Weka hiyo chini, Mama," akasema. "Anatapika. Ukimlazimisha, inaweza ingia kwa mapafu."

Akapiga magoti, akamwangalia ufizi, akambonyeza tumbo kwa vidole, hapa na pale, bila haraka. Kisha akaniuliza mbwa anakula nini. Hapo nikapata nafasi ya kujisifu.

"Omena, Daktari. Kila siku. Mbwa zingine za hapa zinakula mifupa tu."

"Nionyeshe."

Nikaleta gunia la kufagia. Akachota makonzi mawili, akatia kwenye beseni la maji, akakoroga. Samaki wakaelea. Akawatoa wote, akamwaga maji taratibu, akanisogezea beseni. Chini palikuwa na mchanga wa kujaza kiganja.

"Hiyo ndiyo iko kwa tumbo yake, Mama. Si sumu. Imeshikana huko ndani, imeziba."

Nyieka alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Wanangu wamekua wote, na sikuwahi kuwapikia omena bila kuiosha kwa maji matatu. Wanunuzi nisiowajua nimewachambulia samaki mmoja mmoja. Na huyu aliyelinda samaki safi kutwa nzima, akiwa na njaa, bila kugusa hata mmoja, jioni nilimpa mchanga, naye akaula kwa sababu umetoka mkononi mwangu. Niliona aibu ambayo bado ninayo ninapoandika haya.

Daktari akamtia maji chini ya ngozi kwa sindano, akampa dawa ya maumivu, na kwa nyuma akampitishia dawa laini ya kulegeza tumbo. Akaniambia nimtembeze polepole, nisimpe chakula, na kama mpaka kesho mchana hakuna kitu kilichotoka, tumpeleke mjini akapasuliwe. Nilimuuliza kama mbwa hupona wakipasuliwa. Akasema wengine hupona.

Nilimtembeza. Tulikwenda hatua kumi, tukapumzika, tukaenda nyingine kumi. Omena zangu zilikuwa zimebaki wazi juu ya nyavu, na sikuwa na nafasi ya kuzifikiria. Nilipogeuka nilimwona nyieka amesimama katikati ya nyavu zake na zangu, ameshika leso, anawapungia korongo. Hakuniangalia. Alisimama hapo mpaka jua likapungua, na kesho yake asubuhi nilimkuta ameshafika.

Saa tano hivi siku ile ya pili, mbwa alisimama, akajikunja, na mchanga ukaanza kutoka. Mengine sitayaeleza. Itoshe kusema kwamba nimewahi kupiga kigelegele kwa ajili ya kinyesi cha mbwa, na ufuo mzima ulinisikia. Daktari aliporudi na kumbonyeza, alisema kisu hakihitajiki tena.

Nikamwendea nyieka mbele ya wale wale waliosikia matusi.

"Nyieka, mdomo yangu ilikosea."

"Mdomo yako inakosea kila siku," akanijibu, mkono bado unapunga leso. "Leo ndio imejua."

Siku hizi nalisha mbwa kama mtu anayejua anachofanya. Omena yake naiosha kwa maji matatu, naichemsha bila chumvi, nachanganya na ugali laini na sukuma wiki kidogo. Maji ya kunywa yapo kutwa kivulini, kwenye debe lililokatwa. Dawa ya minyoo anapewa kwa wakati wake, na chanjo ya kichaa cha mbwa haimpiti. Mwaka huu siku ya chanjo, daktari alimpapasa manyoya yanayong'aa, akawauliza wenzangu kama wanamwona. Walimwona. Nilihakikisha wamemwona, nikamzungusha mara mbili. Na karibu kila boma la ufuo huu sasa lina beseni la kuoshea omena ya mbwa, la nyieka likiwa kubwa kushinda langu, kusudi tu aniudhi.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni siku ile daktari aliporuhusu aanze tena kula samaki. Sikugusa gunia la kufagia. Niliokota omena nzuri kabisa kutoka wavuni, mbele ya macho yake, nikaziosha, nikazichemsha, nikazipoza, nikamwekea kwenye bakuli jipya. Akanusa. Akaangalia nyavu, akaniangalia mimi, kisha akageuza uso na kulala chini. Alijua zilikotoka. Nilimfunza mwenyewe kwamba hizo si zake, na njaa yote ile haikumsahaulisha.

Nikaketi mchangani kando yake. Nikatafuna moja, nikasikiliza kama wanavyosikiliza wanunuzi wangu. Haikulia. Nikaweka nyingine kiganjani, nikamwambia kwa sauti, "Hii ni yako." Alinitazama kwa muda mrefu. Akaichukua kwa ncha ya meno, akala ya pili, na muda wote huo jicho lake moja lilikuwa kwenye fimbo yangu iliyoegemea mtumbwi. Nikamwita nyieka, nikamwomba aichukue ile fimbo akawashie moto. Akaja, akaibeba, akaenda nayo. Mbwa wangu akamsindikiza kwa macho mpaka akapotea nyuma ya nyumba, kisha akainamisha kichwa akala bakuli lote.