Mkono Wenye Glavu ya Njano

Sauti iliyobaki masikioni mwa Coral siku ile nzima ilikuwa ya zipu. Zipu ya begi la Glenys, alfajiri, ikifungwa kwa mvuto mmoja, haraka, kama ya mtu anayekwenda harusini. Coral alikuwa bado kitandani, uso ukutani, blanketi hadi shingoni, akajisemea moyoni kwamba mtu anayeona uchungu kumwacha mwenzake hufunga begi kwa vituo.

Huu ulikuwa msimu wao wa tatu. Kila baridi ya kusini ilipoanza kuuma, walifunga nyumba zao mbili za mtaa mmoja kule Murray Bridge, wakaifunga karavani nyuma ya gari, wakaikokota kaskazini kulifuata jua. Kisogoni mwa karavani Glenys alikuwa ameandika kwa rangi ya buluu: CORAL NA GLENYS, CHANELI 18, kama wafanyavyo wasafiri wote wa aina yao, ili mwenye gari la nyuma aweze kuwasalimu kwa redio. Mwaka huu walikuwa wameapa kufika Karumba, pale lami inapoishia, wakaone bahari ya upande wa pili wa nchi.

Halafu usiku wa juzi simu ikalia. Raelene, binti pekee wa Glenys, alikuwa amejifungua wiki tatu kabla ya siku zake. Mtoto wa kike. Kilo mbili na robo.

"Nenda," Coral alimwambia. "Sasa utafanyaje?"

"Na wewe, shoga? Utaendelea au utageuza?"

"Nitakwambia kesho kutwa jioni, ukishafika."

Kwenye kiwanja cha ndege cha Longreach walikumbatiana, kisha Glenys akaenda zake kuelekea kwenye ndege. Coral alishika uzio, akamngoja ageuke. Aliendelea kumngoja hata ngazi ilipokwisha kuondolewa.

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Alikuwa amepika chakula cha wanafunzi miaka thelathini na mmoja, akamzika mumewe Lindsay bila wao kujaliwa mtoto, na katika maisha hayo yote hakumbuki kumwonea mwanamke mwenzake kijicho, si kwa nyumba, si kwa mume, si kwa dhahabu. Leo alikuwa akimwonea kijicho kiumbe asiyejua hata kushika shingo yake mwenyewe. Alijiona mjinga, lakini ujinga wenyewe haukupungua kwa kuonekana.

Akaanza safari ya Winton. Kazi zao walikuwa wamegawana tangu siku ya kwanza: Coral ndoano ya kukokotea, magurudumu na usukani, Glenys antena ya televisheni, ngazi na mtungi wa gesi. Asubuhi hiyo Coral alikagua ndoano, akapiga magurudumu teke moja moja, akafunga mkanda. Hata alingoja kidogo, mpaka akakumbuka kwamba hakuna wa kusema "Haya, twende bibi yangu."

Kilomita arobaini mbele, redio ikakoroma. Lori refu lilikuwa nyuma yake.

"Mama wa karavani nyeupe. Mama, antena yako imesimama kama jogoo anayewika. Mmoja wenu ashuke aishushe kabla upepo haujaichukua."

"Mmoja wetu nani?"

"Wewe au Glenys. Si nasoma hapa nyuma?"

"Glenys hashuki," Coral alisema.

"Kanuna? Basi mbembeleze, mama. Njia bado ndefu."

Aliegesha penye kibanda cha mapumziko, akazungusha mkono wa antena mpaka ikalala. Akafungua chakula, na hapo akaona kwamba alikuwa ametengeneza mikate ya watu wawili, tena ule wa pili na achari ya vitunguu, ambayo yeye mwenyewe haiwezi. Akaula wote, kwa hasira, huku machozi ya vitunguu yakimpa kisingizio. Akakaa pale kibandani mpaka jua likaanza kuinama. Kama angegeuza, baada ya siku chache angekuwa nyumbani, na Glenys angekuwa na muda wa nani? Kama angeendelea, ingekuwa ni kumwonyesha tu. Hakupenda jibu lolote kati ya hayo.

Alipokaribia Winton simu ikashika mtandao, ikatetemeka. Picha. Glenys ameketi hospitalini, amemkumbatia mtoto, kichwa chekundu kama nyanya kikiwa kimelala kwenye kiganja chake cha kulia. *Nimefika. Si mzuri?*

Coral hakumwona mtoto. Aliona kiganja. Kwa misimu mitatu, kila jioni, mkono ule wa kulia ulivaa glavu ya njano ya kuoshea vyombo, ukasimama nyuma ya karavani katikati ya vumbi, ukampungia Coral kiooni: njoo, njoo, kata, njoo, hapo hapo. Coral alijua kupiga rivasi kwa mkono ule tu. Hakujibu picha.

Aliingia kambi ya karavani ya Winton saa kumi na nusu, saa mbaya kuliko zote, maana watu walikuwa wameshatoa viti vyao vya kukunja, wakavipanga duara, kila mmoja na bilauri yake. Nafasi moja tu ilikuwa imebaki, mbele ya duara lenyewe, kati ya mti na bomba la maji. Viti vikageuzwa. Kwa watu hawa hakuna sinema kama mtu anayerudisha karavani kinyumenyume.

Mzee mwenye kofia pana akainuka kwanza. Alijitambulisha dirishani kuwa anaitwa Mervyn, mfanyakazi mstaafu wa reli.

"Karibu, mama. Wewe ndiye Coral au Glenys?"

"Coral."

"Glenys yuko ndani anajipodoa?"

"Kaenda kwao. Amepata mjukuu."

"Hongera basi."

"Mpe yeye. Mimi sijazaa kitu leo."

Mervyn akacheka, akaenda nyuma kumwongoza. Wanaume wengine watatu wakamfuata, kila mmoja na mikono yake.

"Kata kulia, mama."

"Kulia kwake au kwako?"

"Msimchanganye. Mama, nitazame mimi."

"Huyo usimsikilize, juzi kagonga mti."

Karavani ikajikunja, kisigino chake kikaelekea bombani. Coral akatazama kiooni. Mikono minane ilikuwa ikipunga, na hakuna wa njano.

Akazima gari. Akaingiza mkono chini ya kiti cha abiria, akaitoa glavu, akashuka nayo. Akachukua ufagio, akakivalisha kichwa chake ile glavu, akauchomeka mpini ardhini pale pale alipotaka gurudumu la nyuma lisimame. Kisha akawageukia wale wazee.

"Nawashukuru, baba zangu. Sasa naomba mkakae. Bia zinapata joto."

"Umesikia, Mervyn," mkewe alisema kutoka kwenye duara. "Njoo ukae."

Coral akarudi usukanini. Akasogea mbele, akanyoosha, akamtafuta yule mwenye glavu kiooni. Ukitaka mkia uende kushoto, usukani uende kulia; hilo alilijua siku zote. Mara ya kwanza akaacha njia. Mara ya pili akakaribia. Mara ya tatu gurudumu likauinamisha mpini wa ufagio kidogo tu, likasimama. Kwenye duara mtu mmoja akapiga makofi, kisha wote.

Kabla hajatoa kiti chake, aliketi kwenye ngazi ya karavani, glavu mapajani, akapiga simu.

"Hukunijibu," Glenys alisema. "Nikadhani umegonga kitu."

"Nimeingia mwenyewe. Kati ya mti na bomba."

"Wewe? Nani kakuongoza?"

"Glavu yako."

Upande wa Glenys kulisikika pumzi ndogo, ya haraka, kama ya kifaranga.

"Umemshika?" Coral aliuliza.

"Tangu mchana. Hataki kuwekwa chini. Haya niambie, unageuza au unaendelea?"

"Naendelea Karumba. Nitakungoja huko. Mwezi, hata miwili."

"Nitakuja, shoga. Raelene akipata nguvu tu."

Coral aliikunja ile glavu, akaikunjua, akavinyoosha vidole vyake kimoja kimoja. Kule kwenye duara mke wa Mervyn alikuwa akimwachia nafasi.

"Glenys," alisema, kwa sauti ya chini mno, mtoto asije akasikia. "Mbebe kwa mkono wa kushoto. Huo wa kulia ni wangu."