Jogoo ya Zilpah Kwenye Feri

Miaka kumi na tisa Nekesa wa Matungu hakusahau sahani moja. Zilpah, dada ya bwana yake, mulamwa wake kama kwetu tunaita wifi, alikuja kutoka Mombasa na miwani ya jua na maringo ya kuongea kwa pua. Nekesa akamchinjia jogoo ile moja tu ilikuwa inaamsha boma. Juu akaweka imondo, firigisi yenyewe, ile kwetu hupewanga mgeni wa heshima. Zilpah akaisukuma na kidole.

"Mulamwa, kuku yenu ni ngumu kama kandambili. Sisi Mombasa tunakulanga vitu laini."

Mbele ya wakwe. Wakwe wakaangalia chini, Nekesa akarudisha sahani jikoni ikiwa imejaa. Na kwetu, ukikataa kuku ya mtu umemkataa yeye na mama yake aliyemfundisha kupika.

Basi mwaka juzi binti yake Lynette akazaa huko Kisauni, Mombasa, Nekesa akaitwa kushika mtoto. Wiki mbili, walisema. Akakaa miezi nne, maana mji ulimkubali. Akimaliza kuogesha mtoto anajifunga leso, anatoka na miguu. Alizunguka Nyali, mahali mbwa ana nyumba kushinda ya mwalimu, akavuka barabara moja tu akapata watu wanasukuma mitungi ya maji kwa mkokoteni. Akaingia Mji wa Kale, vichochoro vyembamba hata ng'ombe haiwezi geuka, akakula mahamri na mbaazi, watoto hajui ni wa nani wakamwamkia shikamoo. Wauza kuku wa soko ya Kongowea walimzoea.

"Mama Matungu, leo unapapasa tu ama unanunua?"

"Napapasa. Zako zimekonda kama wewe."

Kwa Zilpah, huko Likoni ng'ambo ya feri, hakukanyaga. Hiyo ndiyo ilimuuma Zilpah, kwa sababu wamama wa kikundi chao cha watu wa nyumbani walianza kuuliza: bibi ya kaka yako yuko mji huu miezi tatu na hujamkaribisha? Zilpah akapiga simu. Mara ya tano Nekesa akakubali.

Alikuta wamama sita, zulia, wali wa nazi. Katikati kuku nyeupe, laini, inaachana na mfupa yenyewe. Nekesa akatafuta imondo kwa sahani. Hakuna.

"Mulamwa, hii ulichinja wewe?"

"Nilinunua kwa duka, ikiwa imekatwa tayari."

"Basi hii haikuchinjiwa mtu." Akasukuma sahani polepole, na kidole. Wamama wakaacha kutafuna. "Mimi sina haraka. Kuja nikuonyeshe mahali kuku ziko."

Zilpah, na viatu vyake vya kisigino, akamfuata mpaka Kongowea, ng'ambo ya pili ya mji. Nekesa akapapasa jogoo tisa, akachagua nyekundu moja yenye hasira. Kwa feri ya kurudi akampatia Zilpah abebe. Katikati ya maji jogoo ikapiga mabawa, ikawika. Fundi mmoja na sanduku yake ya vyuma akauliza, "Mama, huyo ndiye kapteni?" Feri nzima ikacheka.

"Mshike vizuri, mulamwa," Nekesa akasema. "Akiingia maji tutarudi kununua ingine."

Zilpah alichinja, akanyonyoa, akachemsha mpaka jasho ikafuta poda yote. Hakuna mama alienda nyumbani. Nani angeacha mambo kama hiyo? Mwishowe akaleta sahani na mikono miwili, ugali moto kando, imondo juu.

"Mulamwa, ile siku kwako nilikosea. Kula."

"Sema tena, huyu mama wa mwisho hakusikia."

Akasema tena. Nekesa akanawa mikono. Akaanza na imondo, akafuata shingo, akavunja mifupa akanyonya, na hakuharakisha.

"Ni ngumu?" Zilpah akauliza.

"Ngumu kabisa," Nekesa akasema. "Lete paja ya pili."